Mizizi ya Mti Yatoa Ushahidi: Jinsi Binadamu Anavyoharakisha Makorongo

MASOMO YA REDIO KWA MADARASA YA WATU WAZIMA
Udongo Wetu: Somo la Nne

Kwa msimamizi wa darasa: Kabla ya somo andika ubaoni maneno haya: korongo, mmomonyoko, mzizi, gome, pete, kingamaji. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili. Chagua mwanafunzi mmoja wa kuandika hesabu ubaoni wakati wa sehemu ya tatu.

MTANGAZAJI: Hamjambo, ndugu wanafunzi, popote mlipo mkitusikiliza. Karibuni tena katika masomo yetu ya udongo. Katika somo lililopita tulizungumza juu ya samadi. Leo tutazungumza juu ya makorongo. Mwalimu wetu yupo hapa. Karibu, Mwalimu.

MWALIMU: Ahsante, ndugu Mtangazaji. Hamjambo, akina mama na akina baba? Nawaomba kila mmoja akumbuke korongo moja analolijua. Pengine lipo nyuma ya shamba lako. Pengine limeikata njia ya kwenda kisimani. Likumbuke hilo moja, maana tutalitumia mpaka mwisho wa somo. Sasa nawauliza maswali mawili. Korongo hilo lilianza mwaka gani? Na ni nani aliyelianzisha?

MTANGAZAJI: Nadhani wengi watajibu kwamba ni mvua, Mwalimu. Na mwaka, hakuna aliyeuandika.

MWALIMU: Mwaka umeandikwa. Umeandikwa katika mizizi ya miti iliyosimama ukingoni. Tukijua kuusoma mzizi, tutaona pia kwamba mvua haikufanya kazi hiyo peke yake.

SEHEMU YA 1: KORONGO LINAVYOKUA

MWALIMU: Tuanze na tone la mvua. Tone likiangukia majani, nguvu yake huishia pale. Maji huteleza polepole mpaka ardhini, nayo ardhi huyanywa. Tone hilo hilo likiangukia udongo mtupu, huupiga kama nyundo ndogo. Chembe za udongo huruka, kisha hutulia na kuziba vijitundu ambavyo maji yangepitia. Baada ya mvua kadhaa udongo wa juu huwa mgumu kama sakafu. Maji hayaingii tena. Basi, yafanye nini?

MTANGAZAJI: Yatatafuta mteremko.

MWALIMU: Naam. Kwanza hutiririka yakiwa yametandaa, membamba kama shuka. Huchukua udongo wa juu kidogo kidogo, na mwenye shamba haoni. Kisha hukuta mahali palipo chini kidogo: njia ya ng'ombe, mfereji wa barabara, au mistari ya shamba lililolimwa kutoka juu kwenda chini. Hapo hukusanyika. Maji yaliyotandaa hayana nguvu nyingi, lakini maji yaliyokusanyika yana nguvu ya kuchimba. Huchimba mfereji. Mfereji ukiwa mdogo, watu wawili wenye majembe waweza kuufukia kwa siku moja. Ukiachwa masika mawili matatu, majembe hayauwezi tena. Hapo ndipo tunapouita korongo.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hatulitazami. Maji hushuka mlima, lakini korongo hupanda mlima. Nendeni mkatazame mwanzo wake huko juu. Mtaona ukingo uliosimama kama ukuta. Wakati wa mvua maji huanguka pale kama maporomoko madogo, nayo huchimba chini ya ukuta. Chini pakiwa na pango, udongo wa juu hauna pa kukalia, nao huanguka. Ukuta umerudi nyuma hatua moja. Mvua nyingine, hatua nyingine. Mahali hapo panaitwa kichwa cha korongo, na kichwa ndicho kinachokula shamba.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo mtu aliye juu ya korongo asiseme kwamba yeye hahusiki.

MWALIMU: Asiseme hivyo. Korongo linamjia. Na mara nyingi ni maji ya kwake yanayoliita.

SEHEMU YA 2: MASHAHIDI WATATU

MWALIMU: Mzee wa baraza akitaka kujua shauri lilivyokuwa, huita mashahidi. Korongo nalo lina mashahidi wake. Nitawataja watatu.

Shahidi wa kwanza ni mzizi unaoning'inia. Katika makorongo mengi mtaona mzizi umetoka ukutani na kuning'inia hewani. Mara nyingine mzizi umevuka kutoka ukingo mmoja mpaka ukingo wa pili, kama kamba ya kuanikia nguo. Fikirini kidogo. Je, mzizi huo uliruka hewani ukashika ng'ambo?

MTANGAZAJI: Haiwezekani, Mwalimu. Mzizi hupenya udongoni.

MWALIMU: Basi ulipokuwa ukikua, udongo ulikuwapo kutoka ukingo huu mpaka ukingo ule. Tena mahali mzizi ulipo leo palikuwa chini ya ardhi. Mzizi haukuhama. Ardhi ndiyo iliyoondoka na kuuacha.

Shahidi wa pili ni mti ulioinama. Ukingo ukichimbwa upande mmoja, mti huelemea korongoni. Lakini mti hutafuta kusimama wima. Shina la chini hubaki limeinama, na sehemu iliyokua baadaye hujipinda kuelekea juu. Pale lilipojipinda ni alama ya wakati mti ulipopoteza udongo wake.

Shahidi wa tatu ni mti ulioota chini kabisa, ndani ya korongo. Mti huo haukuweza kuota pale kabla korongo halijawapo. Kama una umri wa miaka 15, basi mahali pale korongo lina miaka 15 au zaidi.

MTANGAZAJI: Mashahidi hawa nawaelewa. Lakini mzizi unaoning'inia unatajaje mwaka?

MWALIMU: Kwa pete zake. Kila mwaka mti huongeza tabaka jipya la mbao chini ya gome. Wakati wa mvua hukua upesi. Wakati wa kiangazi hukua polepole, au husimama. Tofauti hiyo huacha alama ya mviringo. Ukitazama kisiki kilichokatwa vizuri, utaona mviringo ndani ya mviringo. Hizo ndizo pete. Katika nchi zenye majira ya baridi kali, mti huacha pete moja kwa mwaka. Katika nchi zetu yatupasa tuwe waangalifu. Mahali penye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma na Kondoa, iko miti inayoacha pete moja kwa mwaka. Miyombo ni mfano. Lakini mahali penye masika na vuli, mti mwingine huacha pete mbili kwa mwaka, na mwingine hauachi pete zinazosomeka.

MTANGAZAJI: Mtu atajuaje mti wake ni wa namna gani?

MWALIMU: Atafute kisiki cha mti wa namna ile ile, ambao watu wanajua ulipandwa mwaka gani na kukatwa mwaka gani. Ahesabu pete zake. Kama mti ulikaa miaka 20 nao una pete 20, shahidi ni mkweli. Kama una pete 38, shahidi huyu huhesabu kwa namna nyingine.

Sasa turudi kwenye mzizi. Mzizi nao una pete. Ukiwa udongoni, umefichwa jua, joto lake halibadiliki sana, na udongo unaubana pande zote. Siku udongo unapoondoka, maisha yake hubadilika. Unapigwa na jua la mchana na ubaridi wa usiku. Unakanyagwa na kwato, na mawe yanayosukumwa na maji huugonga. Basi nao hubadili namna ya kujenga mbao zake. Huanza kufanana na tawi au shina. Wataalamu wakiutazama kwa hadubini, yaani chombo cha kukuza vitu vidogo, huona seli za mbao zimekuwa tofauti. Katika miti ya jamii ya misonobari, seli hizo huwa ndogo kuliko zilivyokuwa udongoni. Pete ambayo mabadiliko yanaanza ndiyo mwaka udongo ulipoondoka. Kutoka pete hiyo mpaka kwenye gome, wanahesabu miaka.

Kovu pia ni alama. Kwato ikiuchubua mzizi uliofunuka, mti hujaribu kulifunika jeraha kwa mbao mpya. Ukihesabu pete zilizokuja baada ya jeraha, utajua ni miaka mingapi tangu mzizi ulipoanza kukanyagwa.

Elimu hii imetumiwa katika nchi nyingi. Kusini mwa Poland, mtaalamu aitwaye Ireneusz Malik alitumia mizizi iliyofunuliwa ili kujua umri wa makorongo yaliyo katikati ya misitu. Makala yake ilichapishwa mwaka 2008.

SEHEMU YA 3: HESABU YA MZIZI

MWALIMU: Sasa, mwenye chaki asimame ubaoni. Hesabu hii ni mfano tu wa kujifunzia. Tuseme katika ukuta wa korongo kuna mizizi miwili ya mti mmoja. Mzizi wa juu uko sentimita 60 kutoka sakafu ya korongo. Pete zake zaonyesha kwamba ulifunuka miaka 12 iliyopita. Gawanya 60 kwa 12. Tunapata ngapi?

MTANGAZAJI: Sentimita 5 kwa mwaka.

MWALIMU: Vema. Lakini tusiishie hapo. Mzizi wa chini uko sentimita 40 kutoka sakafu, na ulifunuka miaka 4 iliyopita. Kwa hiyo miaka 12 iliyopita ardhi ilikuwa kwenye mzizi wa juu. Miaka 4 iliyopita ilikuwa kwenye mzizi wa chini. Kati ya mizizi hiyo miwili kuna sentimita 20, nayo ilichukua miaka 8. Gawanya 20 kwa 8.

MTANGAZAJI: Sentimita 2 na nusu kwa mwaka.

MWALIMU: Na kutoka mzizi wa chini mpaka sakafu ya leo ni sentimita 40, kwa miaka 4.

MTANGAZAJI: Sentimita 10 kwa mwaka! Mwalimu, korongo limeongeza mwendo mara nne.

MWALIMU: Hilo ndilo nililotaka mlione. Mzizi mmoja husema lini. Mizizi miwili husema kasi imebadilika. Na kasi ikibadilika ghafula, tunauliza swali la hakimu: miaka 4 iliyopita ni nini kilichotokea hapa? Je, kichaka cha juu kilikatwa? Je, njia mpya ya mifugo ilifunguliwa? Je, barabara ilitengenezwa, na maji yake yakaelekezwa huku?

Lakini mashahidi wengine hudanganya, si kwa kupenda. Iko miti ambayo kwa maumbile yake huinua mizizi juu ya ardhi, kama mikuyu na mikoko. Hiyo tusiitumie. Mzizi nao hunenepa kila mwaka, kwa hiyo sehemu yake ya juu huinuka kidogo bila udongo kuondoka. Tena watu huchota mchanga wa kujengea. Ndiyo sababu wataalamu hawaamini mzizi mmoja. Hupima mingi, kisha hulinganisha.

Na jambo moja nawasihi: msiukate mzizi wa mti ulio hai ili mhesabu pete. Mti ule ndio unaoshikilia ukingo. Tumieni mti uliokwisha kufa, au kisiki, au mzizi uliokwisha kukatika.

SEHEMU YA 4: NI MVUA AU NI SISI?

MTANGAZAJI: Mwalimu, naomba niwasemee wasikilizaji. Huenda kasi iliongezeka kwa sababu mvua ilikuwa kubwa miaka ile. Wazee wanakumbuka mvua za mwaka 1961 wakati wa Uhuru, na mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Kwa nini tuwalaumu watu?

MWALIMU: Ni swali la haki. Mvua kubwa huchimba, na hakuna anayekataa. Hata pasipo watu ardhi humomonyoka. Milima yote huliwa na mvua polepole tangu dunia kuwapo. Basi tutapambanuaje kazi ya maumbile na kazi ya binadamu? Kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kulinganisha majirani. Tafuta miteremko miwili iliyo karibu, yenye udongo wa namna moja na mwinamo mmoja. Mmoja una kichaka na majani. Mwingine umelimwa au umelishwa mpaka ukawa mtupu. Mvua iliyonyesha ni ile ile. Kama mizizi ya upande wa kichaka bado imefunikwa, na mizizi ya upande wa pili yaning'inia hewani, hatuwezi kuishitaki mvua peke yake.

Njia ya pili ni kulinganisha kasi ya leo na kasi ya zamani. Katika milima iitwayo White Mountains, jimbo la California, Marekani, kuna misonobari iliyoishi zaidi ya miaka 4,000. Ni milima mikavu, na watu hawakulima pale. Valmore LaMarche alipima mizizi iliyofunuka ya miti hiyo, na mwaka 1968 alichapisha matokeo. Ardhi ya mteremko ilikuwa imeshuka kwa kadiri ya futi 1 hivi, yaani sentimita 30, katika muda wa miaka 1,000. Kila nchi ina mvua yake na udongo wake, kwa hiyo hesabu ya California si ya kwetu. Lakini inatuonyesha jinsi maumbile yanavyoweza kwenda taratibu. Katika mfano wetu wa ubaoni, sentimita 30 ziliondoka kwa miaka 3.

Tuje karibu na nyumbani. Nchini Kenya, Thomas Dunne na wenzake walifanya kazi katika malisho makavu. Walipima mizizi iliyofunuka na vichuguu vya udongo vilivyobaki chini ya miti, kisha wakakadiria umri wa miti hiyo. Makala yao ilichapishwa mwaka 1978. Waliona kwamba mmomonyoko wa miaka ya karibuni ulikuwa na kasi kuliko ule wa zamani za kale.

MTANGAZAJI: Na binadamu hasa anafanya nini kuongeza kasi hiyo?

MWALIMU: Anafanya mambo ambayo kila siku tunayaona kuwa ya kawaida. Anakata miti na kuchoma majani, na ardhi inabaki tupu mvua za kwanza zinapokuja. Analima kutoka juu kwenda chini, na kila mstari unakuwa mfereji. Anapeleka mifugo mingi kunywa maji kwa njia moja, na kwato zinaikanyaga mpaka inakuwa ngumu na kuzama. Anajenga barabara, na maji ya mlima mzima yanaingizwa katika bomba moja, kisha yanamwagwa juu ya shamba la mtu. Anaezeka bati, jambo jema, lakini maji ya paa yanaachwa yaende yatakako. Kila jambo peke yake ni dogo. Yakiwa pamoja, yanayakusanya maji yaliyokuwa yametandaa, na kuyapa njia. Mvua ni ile ile. Tulichobadilisha ni njia ya maji.

SEHEMU YA 5: HABARI ZA KONDOA

MWALIMU: Sasa niwaeleze habari za mahali ambapo jina lake linajulikana kwa wataalamu wa udongo duniani kote. Ni Kondoa, katikati ya Tanzania, katika vilima vya Irangi. Huko makorongo yenye kina cha mita 10 na zaidi yaliukata udongo mwekundu. Mito ikajaa mchanga.

Wataalamu waliupima umri wa tabaka za udongo ulioshuka kutoka vilimani, na mwaka 2000 walichapisha waliyoyaona. Mmomonyoko wa kwanza ulianza zamani sana, kama miaka 14,500 iliyopita, hali ya nchi ilipobadilika na mvua kuongezeka. Huo haukuwa wa binadamu. Lakini katika miaka kama 900 ya mwisho mmomonyoko uliongezeka, watu walipokata misitu na kupanua mashamba. Kwa hiyo maumbile yalianza, na binadamu akaongeza mwendo.

Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilipita Kondoa, na wasafiri walihitaji chakula. Katika karne ya 20 vichaka vilifyekwa ili kumfukuza mbung'o, yaani ndorobo, anayeleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Watu walikuwa na haki ya kumwogopa mdudu huyo. Lakini mlima ukaachwa bila kifuniko, na mifugo ikasongamana mahali pasipo na mbung'o.

Serikali ya kikoloni iliona makorongo, ikaamrisha kazi. Tangu miaka ya 1930 watu walilazimishwa kuchimba matuta na kupunguza mifugo. Kazi ilikuwa ya amri, bila hiari. Baada ya Uhuru wengi waliiacha, maana waliihesabu pamoja na kodi na shuruti nyingine za mkoloni.

Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa kifupi HADO. Ulichimba makingamaji kwa mashine, ulipanda miti, na kuziba makorongo. Lakini mifugo ilipokuwa ikiendelea kukanyaga, majani hayakurudi. Ndipo mwaka 1979 uamuzi mkubwa ulipotolewa. Mifugo yote ilitakiwa kuondoka katika eneo lililoharibika, lenye ukubwa wa kilometa za mraba 1,256. Wanyama karibu 90,000 waliondolewa: ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda.

MTANGAZAJI: Mwalimu, huo ni uamuzi mzito. Ng'ombe ni maziwa ya mtoto, ni samadi, ni mahari, ni akiba ya mwaka wa njaa.

MWALIMU: Mzito sana. Na inatupasa tuseme pande zote mbili. Upande mmoja, ardhi ilipona kuliko wengi walivyotazamia. Majani yalirudi bila kupandwa, vichaka vikaota, na mito ya mchanga ikaanza kutulia. Watu wakalima mahali ambapo zamani palikuwa mchanga mtupu. Upande wa pili, wenye mifugo walibeba mzigo. Wengine walihama na wanyama wao, na huko walikokwenda malisho yakalemewa. Wengine walibaki bila maziwa wala samadi. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 watu walianza kuruhusiwa kufuga ng'ombe wa maziwa wachache zizini, na kuwakatia majani.

MTANGAZAJI: Basi tujifunze nini hapo?

MWALIMU: Tujifunze kwamba dawa ya kuchelewa ni chungu. Korongo likiwa na kina cha shibiri moja, dawa yake ni kuhamisha njia ya ng'ombe. Likiwa na kina cha mita 10, dawa yake ni kuhamisha ng'ombe wenyewe, na pengine watu. Ndiyo sababu tunausoma mzizi mapema. Mzizi ulioanza kuonekana mwaka huu unatuambia bado tuna nafasi ya kuchagua dawa nyepesi, na kuichagua sisi wenyewe.

SEHEMU YA 6: KAZI YA MIKONO

MTANGAZAJI: Tufanye nini, Mwalimu? Wengi wetu hatuna mashine.

MWALIMU: Mashine si lazima. Lakini utaratibu ni lazima. Watu wengi huanza kwa kutupa takataka na matawi chini ya korongo. Mvua moja inayachukua yote. Anzeni juu.

Kwanza, ondoeni maji kichwani. Juu ya kichwa cha korongo chimbeni mtaro wa kuyachepusha, uyapeleke polepole mahali penye majani mengi. Msiyapeleke kwa jirani.

Pili, wekeni makingamaji shambani. Kingamaji hufuata usawa wa mlima, haishuki. Huko Machakos, Kenya, wakulima wanachimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu. Njia hiyo inaitwa fanya juu, na jina hilo la Kiswahili sasa linatumika hata katika vitabu vya nchi za mbali. Machakos nako, katika miaka ya 1930, kulihesabiwa kuwa nchi iliyokwisha haribika. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuonyesha kwamba watu waliongezeka sana, na mmomonyoko ukapungua. Binadamu anayeweza kuharakisha korongo anaweza pia kulisimamisha.

Tatu, jengeni vizuizi ndani ya korongo, kwa mawe au miti. Kimoja kikubwa hakifai. Jengeni vidogo vingi. Katikati ya kila kizuizi pawe chini kuliko pembeni, ili maji yapite katikati yasile kuta. Nyuma yake udongo utajikusanya.

Nne, pandeni. Katika udongo uliokusanyika pandeni matete au majani ya tembo. Ukingoni pandeni mkonge au miti. Mzizi uliotutolea ushahidi ndio huo huo utakaotushikia udongo.

Tano, zuieni miguu. Njia ya mifugo ipite kwa kukingama na mlima, na kila mwaka ihamishwe kidogo. Hili haliwezi kufanywa na mtu mmoja. Njia ni ya wote, na aliye juu anamwagia maji aliye chini. Kwa hiyo lifanywe shauri la kijiji, na wenye ng'ombe waketi pamoja na wenye mashamba kabla maneno hayajawa makali.

MTANGAZAJI: Ahsante sana, Mwalimu. Ndugu wanafunzi, mmesikia. Sasa funga redio, fungua daftari.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini tunasema korongo hupanda mlima?
2. Mzizi unaovuka korongo unatuambia nini?
3. Mzizi uko sentimita 45 juu ya ardhi ya leo. Ulifunuka miaka 9 iliyopita. Ardhi imeshuka sentimita ngapi kwa mwaka?
4. Kwa nini tusiamini mzizi mmoja tu?
5. Huko Kondoa mifugo iliondolewa mwaka 1979. Nani alipata faida? Nani alipata hasara? Kama ungekuwa na ng'ombe pale, ungetaka mambo yafanywe kwa njia gani?

KAZI YA JUMA

Nendeni pamoja kwenye korongo moja la kijiji, siku isiyo na mvua. Msisimame juu kabisa ya ukingo wala chini ya ukuta wake, maana huanguka ghafula. Chukueni kamba yenye mafundo au kipimo cha fundi seremala. Pimeni kutoka mzizi uliofunuka mpaka sakafu, mizizi mitano au zaidi. Andikeni vipimo vyote katika daftari.

Kisha mwulizeni mzee mmoja mwanamume na mzee mmoja mwanamke: wakati mlipokuwa vijana, mahali hapa palikuwaje? Mvua ipi kubwa mnaikumbuka? Njia hii ilifunguliwa lini, na kichaka cha juu kilikatwa lini? Andikeni majibu yao kando ya vipimo. Katika mkutano ujao wa kijiji, mwanafunzi mmoja asimame asome daftari hilo kwa sauti.